Ukienda Bhuj kununua vitambaa, ulizia maji kwanza

Safari yangu ya kwanza Bhuj niliiharibu mwenyewe. Nilifika asubuhi, nikaingia sokoni, na kabla ya jioni nilishanunua mzigo mzima wa ajrakh, kitambaa cha kuchapwa kwa mkono kwa mihuri ya mbao, nikijiona mjanja. Nyumbani Mombasa mteja akakigeuza kitambaa: upande wa nyuma umepauka, rangi haikupenya. Kilichapwa kwa mashine. Wala siwezi kusema muuzaji alinidanganya. Sikumuuliza, naye akanyamaza.

Bhuj ni makao makuu ya Kachchh, wilaya ya jimbo la Gujarat iliyo kubwa kuliko zote India: kilomita za mraba zaidi ya 45,000. Ila ukubwa huo usikutishe. Sehemu kubwa kaskazini ni Rann, uwanda wa chumvi unaofurika msimu wa mvua kisha unakauka ukawa mweupe pee. Mvua ni ya kubahatisha. Ziwa Hamirsar la pale mjini likijaa hadi kumwagika, watu hupewa siku ya mapumziko washerehekee. Sisi mvua ya siku mbili tu, tushaanza kulalamikia barabara.

Ndiyo maana nasema ulizia maji. Mafundi wa ajrakh, wa jamii ya Khatri, walikuwa kijiji cha Dhamadka. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lilikibomoa, na baadaye maji yake yakazidi madini ya chuma, rangi zikawa hazitoki sawa. Baadhi yao wakahama, wakajenga kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur. Nenda ukawaone. Buluu yao ni nili. Nyeusi wanaipata kwa kuvundika vyuma chakavu pamoja na sukari guru (harufu yake utaikumbuka). Kitambaa huoshwa, huchapwa kwa mihuri ya mbao, huanikwa, huoshwa tena, na tena. Kwa hiyo anayekuahidi mzigo mkubwa wa kuchapwa kwa mkono kwa siku tatu, muage kwa adabu. Weka oda mapema, na usiipange Julai wala Agosti, maana ni msimu wa mvua, na bila jua kazi haiendi sawa. Mimi huenda Desemba. Mei joto linapita nyuzi 40.

Lala mjini, biashara ifanyie vijijini. Panda bajaji, wao huiita riksha, mpaka Bhujodi kwa wafumaji wa shali, halafu endelea Ajrakhpur. Zote ziko njia moja. Pombe usiitafute, huko Gujarat imepigwa marufuku.

Jambo jingine: usidhani kwa kuwa ardhi ni kavu watu hawana pesa. Pita Madhapar, pembeni tu ya mji, uhesabu matawi ya benki. Hizo ni akiba za watoto wao walioko Nairobi na London. Wakachchi wengi walikuja Afrika Mashariki kwa kazi za ujenzi na biashara, na pesa bado zinarudi. Ukijidai tajiri wa ng'ambo utachekwa.

Safari ya pili, kule Baladia, kijiji kingine cha Kachchh, nilikuwa nabishana na dereva kwa Kiingereza changu na chake, hatuelewani. Mzee mmoja barazani akaniita: "Kijana, anataka ngapi?" Alikuwa fundi mwashi Nairobi ujanani. Nikamtajia bei. Akatema tambuu, akamgeukia dereva na Kikachchi chake, na nauli ikashuka nusu.