Tumeletewa dokumenti ya mahitaji ya SACCO nyingine, tusaini?

Swali: Mimi ni mhasibu wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) ndogo hapa Jinja, Uganda, tunataka mfumo wa kompyuta maana vitabu vimetushinda. Kijana wa programu ametuletea dokumenti ya mahitaji, yaani maelezo ya mfumo unatakiwa kufanya nini, iliyotumika kwa SACCO nyingine. Imeandikwa moduli (sehemu ya mfumo) ya akiba, moduli ya mikopo, SMS, ripoti, na kwamba mfumo uwe wa haraka na rahisi. Anataka tusaini na tulipe nusu aanze. Tuongeze nini kwenye hiyo orodha?

Jibu: Dada, msiongeze kitu na msisaini. Hili naletewa kila wakati na linaniuma, watu wanadhani mahitaji ni orodha ya vitu vya kwenye skrini, sasa ukiwa na orodha ndefu unaona umejipanga.

"Moduli ya mikopo" ni jina tu. Riba yenu mnapiga kwenye mkopo wote au kwenye salio lililobaki? Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000, miezi 10, riba 2% kwa mwezi, mtu anapunguza 100,000 ya mkopo kila mwezi. Ukipiga kwenye mkopo wote riba yote ni 200,000, ukipiga kwenye salio ni 110,000. Hiyo 90,000 inatoka kwa mwanachama, na kama dokumenti haijasema, kijana ataamua mwenyewe akiwa anaandika programu, mtakuja kujua siku watu wanapiga kelele kwenye mkutano mkuu. Na mtu akileta pesa nusu, inakata faini kwanza, riba au mkopo wenyewe? Pesa ya simu ikiingia na namba isiyojulikana inakaa wapi? Stima ikienda keshia anafanyaje? Tena mnatunza taarifa za watu, kuna sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019, kwa hiyo nani anaruhusiwa kuona salio la nani lazima iandikwe.

Hayo majibu mwenyekiti hana yote, anayo keshia wenu. Kijana akae naye siku yenye foleni, aone anavyoandika na pale anapokwama. Halafu toeni kwenye vitabu wanachama kama kumi, wale wasumbufu hasa, aliyechelewa, aliyelipa zaidi, aliyefariki na deni, mpige hesabu zao kwa mkono mkubaliane. Hizo hesabu ndizo mahitaji yenu, mfumo ukitoa namba tofauti haujaisha na kijana halipwi. Hata "haraka" andikeni hivi: keshia apate salio ndani ya sekunde 5 kwa intaneti ya simu.

Na hii si ya SACCO peke yake, shule, kliniki, makanisa, wote wanauziwa templeti moja iliyobadilishwa jina juu, na mtu anakupa bei baada ya simu moja tu kabla hajaona hata daftari lako. Huyo hajui anajenga nini, kwa hiyo bei ameikisia, na kila kitu alichosahau kuuliza atakuja kukiita "nyongeza" akulipishe tena. Anayekwambia kuuliza maswali ni kupoteza muda mkimbieni.

Malipo gaweni kwa hatua, akiba kwanza, ikipita hesabu zenu ndiyo aende kwenye mikopo. Akikataa kukaa na keshia hata siku moja, tafuteni mwingine.