Mashine imeosha, lakini vyombo bado vimelowa

Mama mkwe alikuja kutoka Siaya mwezi wa nne, wiki ile mvua ilikataa kukatika. Baada ya chakula cha jioni nikapakia mashine ya kuosha vyombo kwa madaha, nikabonyeza, nikamwambia, "Mama, wewe pumzika." Asubuhi nikamkuta jikoni na kitambaa mkononi, anapangusa sahani moja moja. Hata hakugeuka. "Mwanangu, hii yako inaosha kweli. Sasa ya kupangusa utanunua lini?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Mashine yenyewe niliinunua ikiwa imeshatumika Uingereza, ikaja Kisumu bila kijitabu cha maelekezo, na tangu siku ya kwanza vikombe vilikuwa vinatoka na vidimbwi kwenye kitako. Fundi niliyemwita alisikiliza dakika mbili, akasema hita imeungua, niagize nyingine. Bei aliyotaja ilinifanya nimwombe siku chache za kufikiria.

Siku hizo ndizo nilizogundua kwamba sikuwa najua mashine inakaushaje. Nilidhani ndani mna feni, au waya unaochoma maji. Zipo za namna hiyo, lakini nyingi za Ulaya hutumia njia rahisi zaidi: maji ya kusuuzia mara ya mwisho hupashwa hadi nyuzi kama 60 au 70, na vyombo vinashika joto hilo. Maji yaliyobaki juu yake yanageuka mvuke, mvuke unagusa kuta za chuma ambazo zimepoa kuliko sahani, unarudi kuwa maji na kuchuruzika chini. Ndicho unachokiona ukifunua mfuniko wa sufuria ya wali. Sahani inajikausha kwa joto lake yenyewe. Ikikosa joto, imelowa.

Basi kabla hujamlipa mtu, fanya nilivyofanya. Weka programu ya moto zaidi uliyonayo, subiri hapo hapo hadi mashine ilie kwamba imemaliza, kisha fungua kwa uangalifu na ushike sahani nzito ya katikati. Yangu ilinichoma vidole. Hita ilikuwa nzima kabisa. Kama yako imetoka baridi au vuguvugu, hapo sasa mwite fundi aangalie hita na kipima joto chake.

Yangu makosa yalikuwa ya mwenye nyumba. Kwa kuogopa bili ya stima nilikuwa siachani na programu ya Eko, ya nyuzi 50, ambayo huokoa umeme kwa kupunguza joto hilo hilo linalokausha. Sijaiacha, lakini vyombo vya wageni naviosha kwa 65.

Kosa la pili lilinigharimu kidogo tu kulirekebisha. Kwenye mlango, karibu na kisanduku cha sabuni, pana kifuniko cha duara ambacho sikuwahi kukifungua. Humo hutiwa dawa ya kusuuzia, kile kimaji cha buluu kinachouzwa kwenye chupa ndogo supamaketi. Ndani palikuwa pakavu kama jangwa. Unajua tone la maji linavyosimama kwenye jani la nduma? Bila dawa hiyo, maji husimama hivyo kwenye glasi. Ukiitia, yanatandaa yakawa utando mwembamba na kuteleza yenyewe. Chini ya kifuniko kulikuwa na namba za kipimo. Niliikuta kwenye 1, nikapeleka 4. Ukiona michirizi ya kibuluu kwenye glasi, rudisha nyuma. Jirani alinishauri nitie siki badala yake. Usithubutu, asidi inakula mipira ya mashine. Chumvi inayotiwa mashineni nayo ni ya kulainisha maji magumu, yale yenye chokaa, haikaushi kitu.

Kisha mlango. Nilikuwa nawasha usiku na kwenda kulala, mvuke unafungiwa humo hadi asubuhi na kuzirudia sahani zenyewe. Siku hizi ikilia tu naufungua upana wa kiganja. (Mvuke ule ulinibandua ukingo wa kabati la juu, la mbao zilizogandishwa kwa gundi. Vuta mlango vya kutosha mvuke usielekee mbao.) Na ndiyo maana naiwasha saa kumi jioni, pia kwa sababu nyingine: huku mtaani kwetu Mamboleo giza likiingia kila mtu anapika na kupiga pasi, taa zinafifia. Hita ya wati 2,000 ikipata volti 200 badala ya 240, inabaki na nguvu ya wati 1,400 hivi.

Kupakia, kwa ufupi: vikombe vilale kiupande, bakuli zisikumbatiane, na ukipakua anza na rafu ya chini, maana ukianza na ya juu unamwagia vya chini. Sufuria za alumini na mwiko osha kwa mkono; sabuni ya mashine inaigeuza alumini kuwa nyeusi, na mwiko unapasuka.

Plastiki ni hadithi nyingine. Haishiki joto, kwa hiyo chupa za maji za shule na vibakuli vya chakula vitatoka na matone hata ukifanya yote hayo. Hapo nimeshasalimu amri.

Mama alirudi mwezi wa nane. Nilimngojea jikoni mashine ikilia. Akachukua sahani, akaipitishia kidole, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka. Glasi vilevile. Kisha akaibua kibakuli cha plastiki cha mjukuu wake, akakiinamisha, maji yakamwagika sakafuni.

"Na hiki?"

Nikampa kitambaa.