“Mgomo wa mabasi” au “kususia mabasi”?

SWALI: Nafundisha Historia sekondari, Morogoro. Katika kuandaa somo la ubaguzi wa rangi Marekani nimekutana na “mgomo wa mabasi wa Montgomery”, “kugomea mabasi” na “kususia mabasi”. Wanafunzi niwape lipi?

JIBU: Mwalimu, hayo mawili ya mwisho hayana tatizo. Linalopotosha ni la kwanza. Wanafunzi wako wakisikia “mgomo wa daladala” wanaelewa papo hapo kwamba madereva wameegesha magari na abiria wamekwama vituoni. Kule Montgomery, mji wa jimbo la Alabama, mambo yalikuwa kinyume. Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, na kuanzia tarehe 5 mabasi yalipita lakini watu weusi hawakuyapanda. Walitembea kwa miguu na kupeana lifti kwa siku 381, hadi hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya kubatilisha ubaguzi ndani ya mabasi hayo ilipoanza kutekelezwa.

Anayegoma huacha kazi au wajibu wake mwenyewe. Anayesusia hukataa huduma, bidhaa au shughuli ya mwingine. “Gomea” nayo inafaa kwa sababu kiambishi cha kutendea kinaonyesha kinachokataliwa. Ndiyo maana twasema watu wamegomea uchaguzi.

Wapo wasioipenda “susia” kwa kuwa “susa” huwakumbusha mtoto aliyenuna akakataa ubwabwa, na jibu lake tunalijua: ukisusa, wenzio twala. Hoja hiyo hainishawishi. Montgomery weusi walikuwa takriban robo tatu ya abiria. Waliposusa wao, kampuni ya mabasi ilibaki na nani wa kumla nauli?

“Mgomo”, hata hivyo, usiutupe, utauhitaji ukifika kwenye shule. Aprili 1951 huko Farmville, Virginia, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwaongoza wenzake zaidi ya 450 kuacha masomo, kwa kuwa shule yao ya weusi ilifurika na baadhi ya madarasa yalikuwa vibanda vya karatasi ya lami. Hao waligoma hasa, maana kusoma ndiyo kazi ya mwanafunzi. Kesi yao iliunganishwa na nyingine katika shauri la Brown dhidi ya Bodi ya Elimu mbele ya Mahakama Kuu hiyohiyo, na hukumu ya tarehe 17 Mei 1954 ikapiga marufuku kutenga shule za umma kwa rangi.

Ukihitaji nomino kwa Montgomery, andika “ususiaji wa mabasi”. Ikiwa nzito mdomoni, “kususia mabasi” yatosha, kwani kitenzi-jina nacho ni nomino.