Vijiti vimejaa, mtandao haufungui: busta haileti intaneti

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Kivule, Dar es Salaam. Nyumbani tupo watano: mimi, mume wangu, binti anayesoma chuo kwa masafa, na wadogo zake wawili wa shule. Tunatumia ruta ya laini ya 4G. Mwanzoni ilikuwa nzuri, ila siku hizi ikifika jioni inasoma 4G lakini haifungui kitu. Fundi mmoja akatufungia busta, kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, juu ya bati kwa shilingi 180,000. Sasa vijiti vya mtandao vimejaa, kasi ni ileile, na kuna siku inakuwa mbaya kuliko zamani. Amerudi anasema tununue busta kubwa zaidi. Kuna kijana mwingine hapa mtaani anasema kwa 10,000 kwa mwezi atatuwekea intaneti ya VPN isiyoisha. Faiba haijafika kwetu. Bajeti yetu ni 60,000 kwa mwezi. Tumsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, msimsikilize hata mmoja. Na jibu la nusu ya swali lako umeliandika mwenyewe: vijiti vimejaa, kasi ni ileile, na tatizo linakuja jioni. Fundi aliyesoma sentensi hiyo akaendelea kukuuzia busta, ama hajui kazi yake au anaijua sana.

Vijiti vya mtandao vinapima jambo moja tu, nalo ni nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye ruta yako. Havisemi lolote kuhusu nafasi iliyobaki kwenye mnara. Wimbi la 4G lenye upana wa 20 MHz, kwa ruta za kawaida tulizonazo majumbani, linafika takriban Mbps 150 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), na hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Huku mtaani ni pungufu sana ya hapo, na hicho kilichopo si chako peke yako, mnagawana na kila simu na kila ruta iliyoelekea upande uleule wa mnara. Saa kumi alfajiri mko wachache. Saa tatu usiku watu wote wamerudi kazini, watoto wako kwenye video, mpira unaendelea, na foleni imeanzia mnarani kwenyewe. Sasa niambie, kifaa kilichofungwa juu ya bati lako kitaiondoaje foleni iliyoko mnarani?

Hapa ndipo ninapochoka. Kila wiki naletewa habari ya busta, na kila mara mteja ameonyeshwa vijiti vikipanda kutoka viwili hadi vitano, akafurahi, akalipa. Vijiti kweli vimepanda, hakuna mazingaombwe. Lakini mteja alitaka intaneti, kauziwa vijiti.

Tena busta hizi zinazouzwa bila maelezo zina ubaya wake. Kazi yake ni kuchukua mawimbi kwa antena ya juu, kuyakuza, kisha kuyatoa kwa antena ya ndani. Antena mbili zikikaribiana, au utengano kati yake ukiwa mdogo, kifaa kinaanza kusikia sauti yake mwenyewe na kuikuza tena na tena, kama kipaza sauti kinavyopiga mluzi mshehereshaji akikisogeza mbele ya spika. Mluzi huo hausikiki kwa masikio, ila mnara unausikia. Busta inakuza pia upande wa kurudi, yaani kutoka kwako kwenda mnarani, kwa hiyo kelele yake inaumwagikia mnara, na simu zote za upande ule zinalazimika kupiga kelele zaidi ili zisikike. Zile siku unazosema inakuwa mbaya kuliko zamani, mshukiwa wangu wa kwanza yuko juu ya bati lenu, na huenda majirani zako nao wanalaani mtandao bila kujua chanzo.

Ndiyo maana sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 2010 inataka vifaa vya namna hii viwe vimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla ya kutumika. Mwombe fundi wako akuonyeshe uthibitisho huo kwa jina na modeli ya kifaa alichokufungia. Usipokee stika ya rangi.

Kuna kifaa kingine nacho kinaitwa busta madukani, kile kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya umeme. Hicho kinarudia Wi-Fi tu, kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma, na hakina habari na mnara. Cha bei rahisi kinapokea na kurusha kwa redio ileile moja, kwa hiyo kasi inayotoka inapungua kwa karibu nusu. Kama shida ni chumba cha binti hakishiki Wi-Fi, vuta waya wa mtandao hadi pale, unafika mita 100 bila kupoteza kitu. Ila kwa maelezo yako hilo si tatizo lenu.

Kabla ya kutumia shilingi nyingine, pimeni. Zimeni busta kwanza, ichomoeni kabisa kwenye umeme, maana ikiwa imewashwa inadanganya hata vipimo. Kisha fungueni ukurasa wa ruta kwa simu iliyounganishwa na Wi-Fi yake. Anwani imeandikwa chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Tafuteni namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: ikiwa kati ya -80 na -95 mko vizuri, ikiwa mbaya kuliko -110 mawimbi ni dhaifu kweli. SINR ni usafi wa mawimbi: ikizidi 13 hakuna malalamiko, ikigusa sifuri au chini yake kuna kelele nyingi. Baada ya hapo pimeni kasi alfajiri na usiku, mkiwa mmesimama palepale, kwa siku tatu nne. Andikeni kwenye daftari.

Namba zikiwa mbaya saa zote, hata alfajiri, basi mawimbi hayaingii ndani na hilo linatibika kwa bei ndogo. Bati ni ukuta kwa mawimbi ya redio, na matofali yenye nondo hayasaidii. Wengi wanaficha ruta kwenye kabati la runinga katikati ya nyumba halafu wanashangaa. Ihamishieni dirishani, upande unaotazama mnara, juu kadiri mnavyoweza. Ikiwa haitoshi, nunueni ruta ya nje inayofungwa ukutani na kushusha waya wa mtandao ndani, au kama ruta yenu ina matundu mawili ya antena, fungeni antena ya nje ya paneli yenye nyaya mbili. Zote mbili zichomekwe, maana 4G inatumia njia mbili kwa pamoja. Na waya wa antena uwe mfupi. Mita kumi za waya mwembamba wa bei poa zinakula faida yote uliyoipata juu ya bati. Hiyo antena haikuzi kitu kwa umeme, inasikiliza tu vizuri zaidi upande mmoja, kwa hiyo haimsumbui jirani.

Lakini nikisoma barua yako sitegemei mkute hivyo. Nategemea alfajiri mkute inakimbia na usiku inatambaa. Hapo ni msongamano, na dawa yake iko nje ya nyumba yenu. Jaribuni mtandao mwingine. Kila kampuni ina minara yake au nafasi yake mnarani, na kampuni inayosifiwa Sinza inaweza kuwa hovyo Kivule. Azimeni laini za majirani, nunueni bando dogo la siku, pimeni saa tatu usiku, mahali pale pale, kwa mitandao mitatu. Kazi hiyo itawagharimu elfu chache na itawaambia zaidi ya fundi yeyote. Ruta nyingi pia zinaruhusu kuchagua bendi, yaani masafa ya mawimbi ambayo ruta itatumia. Bendi ya 800 MHz inafika mbali na kupenya kuta, hivyo watu wengi wanarundikana humo; ya 1800 au 2600 haifiki mbali sana, lakini ukiwa karibu na mnara unaweza kuikuta na nafasi. Hakikisheni tu ruta haijafungwa kwa kampuni moja.

Kuhusu hiyo 60,000: ulizeni kifurushi kina kasi gani baada ya kufika kiwango cha matumizi, maana “bila kikomo” karibu kila mara ina mstari mdogo chini unaosema kasi itapunguzwa. Video ya ubora wa kawaida inakula hadi GB 1 kwa saa, ya HD hadi GB 3. Watoto wawili wakitazama HD saa mbili kila mmoja, GB 12 zimeondoka kwa jioni moja, na binti wa chuo hajafungua hata somo. Shusheni ubora wa video kwenye simu za wadogo. Na msichanganye Mbps na MB: gawanyeni Mbps kwa nane mpate MB kwa sekunde. Mtu wa Mbps 10 anashusha faili la GB 1 kwa zaidi kidogo ya dakika 13, na hajaibiwa.

Faiba ikifika, hamieni, sina la kuongeza. Ila haiji kwa kusubiri. Kampuni zinaangalia maombi ya mtaa, na boksi moja la kugawia kwenye nguzo hulisha nyumba nyingi, kwa hiyo majirani wakipeleka maombi pamoja yanasikika kuliko barua ya nyumba moja. Mzungumze na mjumbe wenu.

Sasa nirudi kwa huyo kijana wa VPN, maana barua za namna yake zinazidi za busta. VPN ni njia ya kupitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta nyingine kabla hayajafika yanakokwenda. Anachofanya ni hiki. Kampuni za simu huacha kurasa chache zifunguke bila bando, za elimu au za huduma kwa wateja. Lile faili analokuwekea linayavalisha mawasiliano yako nguo za kurasa hizo, kisha linayapitisha yote kwenye kompyuta ya mtu msiyemjua. Kampuni ikigundua inafunga mwanya, faili linakufa, kijana anakuja na lingine, na ile “isiyoisha” inaisha kila baada ya muda mfupi. Mwenye ile kompyuta anaona mnatembelea kurasa zipi, na chochote kisichofichwa anakisoma. Programu yenyewe mara nyingi inatumwa kwa WhatsApp, nje ya duka rasmi, na ikiomba ruhusa ya kusoma meseji wengi wanabonyeza kubali. Simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea namba za siri za muda za benki na ndiyo yenye pesa za mtandaoni.

Laini, Mwalimu, imesajiliwa kwa kidole chako na namba yako ya NIDA. Kampuni ikifuatilia wizi wa huduma itamkuta nani, kijana au wewe? TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa; hapo sizungumzii hata wanaoitumia kukwepa kulipa. Na la kuchekesha kuliko yote: hiyo intaneti ya bure inapita mnara uleule uliojaa, halafu inazunguka njia ndefu zaidi. Mtakuwa na bure isiyofungua.

Wanafanana hawa watu wawili. Wote wanategemea mteja asijue njia ya intaneti ina vipande vingi, na kwamba kifaa kinatibu kipande kimoja tu. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukayumba Tanzania na nchi jirani. Wiki ile watu walibadilisha ruta, wakanunua antena, wakafungiwa busta, na mafundi wakapokea hela bila aibu wakati kosa lilikuwa baharini. Mtandao uliporudi, kila fundi alidai ni kazi ya mikono yake.

Setilaiti nayo inauzwa siku hizi kwa lugha hiyohiyo, kana kwamba angani hakuna foleni. Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na kufika Novemba 2024 ilikuwa imesimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Ukiletewa sahani iliyovushwa mpakani, muulize muuzaji kibali cha TCRA kiko wapi na akaunti imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa si jina lako, siku akiacha kulipia utabaki na sahani ya kuanikia dagaa.

Hata mwenye Wi-Fi ya vocha mtaani, aliyechukua faiba moja akaigawa nyumba thelathini, muulizeni ana leseni ya kuuza huduma na amenunua Mbps ngapi. Akianza kujibu kwa idadi ya antena zake, nendeni zenu.

Kuhusu ile 180,000: msimpe fundi hela ya busta kubwa. Mwiteni saa tatu usiku, si mchana. Apime kasi mbele yenu busta ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, na aandike namba zote mbili kwenye risiti yake. Zikiwa sawa, ashushe kifaa chake na arudishe hela. Akisema risiti hana, kamuulize huyo huyo mjumbe wa mtaa namna ya kumfikisha ofisini.