Mkono Ulitangulia Jina

Swali la juma hili linauliza mchezo wa kuimba na kucheza uitwao Hokey Cokey, ambao Wamarekani huuita Hokey Pokey, ulitoka wapi na una maana gani. Wengi wanaoutafutia asili huanza na jina, nami naamini jina ndilo lililowapoteza. Kwa hiyo nitaanza na jinsi unavyochezwa.

Wachezaji husimama katika duara wakitazamana. Wimbo huwaamuru watie mkono wa kulia ndani ya duara, wautoe nje, wautie tena na kuutikisa, kisha kila mmoja ajizungushe pale pale aliposimama. Hufuata mkono wa kushoto, mguu mmoja, mguu wa pili, na mwishowe mwili mzima. Uingereza, kati ya ubeti na ubeti, wote hushikana mikono na kuingia mbio hadi katikati ya duara, kisha hurudi nyuma. Marekani mbio hizo kwa kawaida hazimo. Ukiliweka jina kando, kinachobaki ni amri za ndani na nje, za kulia na kushoto, na nyayo za amri hizo zinatupeleka mbali kuliko watu wengi wanavyodhani.

Robert Chambers, mwandishi na mchapishaji wa Edinburgh, alikusanya mashairi ya jadi ya Uskoti katika kitabu kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1826 na kuongezwa katika matoleo ya baadaye. Humo umo mchezo wa duara unaoitwa Hinkumbooby, ambao waimbaji wake huambiana watie mikono ya kulia ndani na kutoa ya kushoto nje. Taarifa ya mwaka 1857 kutoka jimbo la New Hampshire, Marekani, inawataja wanawake wawili walioimba, huku wakionyesha kwa vitendo, maneno ya kutia mkono wa kulia ndani, kuutoa nje na kuutikisa, karibu sawasawa na yanavyoimbwa leo. Mwishoni mwa karne hiyo, Alice Bertha Gomme alipochapisha mabuku yake mawili ya michezo ya jadi ya Uingereza na Ireland, mwaka 1894 na 1898, aliuweka mchezo wa aina hiyo hiyo chini ya jina la Looby Loo. Majina ni tofauti kabisa, lakini mkono ni ule ule.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mchezo huu una mtunzi mmoja wa karne ya 20, ingawa waliodai kuutunga ni wengi. Jimmy Kennedy, mtunzi wa maneno ya nyimbo aliyezaliwa Omagh, Ireland, mwaka 1902, aliutoa wimbo wake mwaka 1942 na kueleza kwamba aliupata kutoka kwa askari wa Kanada waliokuwa wakistarehe London wakati wa vita. Al Tabor, kiongozi wa bendi, alisema aliutunga mwaka 1940, London iliposhambuliwa kwa mabomu, baada ya ofisa mmoja wa Kanada kumwomba wimbo wa kuchangamsha watu. Jina, alisema, alilikumbuka kutoka kwa muuza aiskrimu aliyemsikia utotoni, kwa kuwa hokey pokey ilikuwa aiskrimu ya bei nafuu ya mitaani. Mimi naona ni muhimu sana kwamba Wakanada wamo katika simulizi zote mbili. Wazazi na mababu waliohama Uskoti na Uingereza hawakuiacha bandarini michezo yao ya utotoni, na nadhani askari hao waliurudisha kwa wenyewe mchezo uliokuwa umevuka bahari muda mrefu kabla yao.

Kule Marekani, Robert Degen na Joe Brier walisajili hakimiliki ya wimbo wao mwaka 1944, na Larry LaPrise na wenzake, waliokuwa wakiwatumbuiza wacheza ski huko Sun Valley, Idaho, wakasajili wao mwaka 1950. Kesi iliyofuata iliishia kwenye sulhu.

Kuhusu maana, kuna dai zito ambalo halifai kupuuzwa. Mwaka 2008 msemaji wa Kanisa Katoliki nchini Uskoti alieleza kwamba wimbo huu ulitungwa kuikejeli Misa ya Kilatini, kwamba jina lake linatokana na maneno ya mazingaombwe hocus pocus, nayo yanatokana na maneno ya padri ya kuweka wakfu mkate, hoc est enim corpus meum. Hofu ilikuwa kwamba mashabiki wa mpira wangeutumia kuwatukana Wakatoliki, na hofu hiyo naiheshimu, kwa maana wimbo wowote ukiimbwa kwa nia mbaya huumiza. Lakini kuhusu asili, dai hilo halisimami. Uhusiano wa hocus pocus na Misa ni kisio la John Tillotson, Askofu Mkuu wa Canterbury wa karne ya 17, na hata tukilikubali kisio hilo, bado mchezo wenyewe ulichezwa kwa majina ya Hinkumbooby na Looby Loo, ambayo hayana chembe ya Kilatini ndani yake. Jina lililokuja baadaye haliwezi kuwa chimbuko la kitendo kilichokuwapo kabla yake.

Maana yenyewe naiona katika kazi ambayo mchezo unaifanya. Mtoto anajifunza kulia na kushoto kwa kiungo chake mwenyewe, huku akiwatazama wenzake. Mtu mzima anayeona haya kucheza mbele ya watu haombwi kujitosa mara moja; anaombwa mkono tu, tena kwa muda mfupi, na anaruhusiwa kuutoa. Hakuna mshindi wala anayetolewa, na aliyetia mguu wa kushoto badala ya wa kulia anabaki mahali pake, akisubiri ubeti unaofuata. Ubeti wa mwili mzima unapofika, ameshaingia kidogo kidogo mara nne, na ile ya tano anaruka ndani bila kusukumwa.