Usijenge chini ya bwawa

Ndugu, umeuliza kama nchi ikivurugika miaka na miaka, si bora kuhamia bwawani kwa kuwa maji yapo? Karibu sawa, ila usijenge chini yake. Tazama Derna, mji wa Libya. Juu yake kulikuwa na mabwawa mawili ya miaka ya 1970. Mkandarasi aliyeanza kuyakarabati 2010 aliondoka vita vilipozuka 2011, na usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023 mvua za tufani Daniel zikayabomoa yote mawili. Maelfu walikufa, na visima vikachafuka, kwa hiyo hata walionusurika waliambiwa wasinywe maji yake. Inaniuma hadi leo.

Tuta la udongo la bwawa lisipotunzwa huanza kuharibika taratibu. Lambo la kijijini kwetu nimeliona: miti imeota kwenye tuta, panya wamechimba, njia ya kutolea maji ya ziada imezibwa na magogo. Mkiweza, zibueni hiyo kwanza, kabla ya masika. Kisha chota kwa kiganja maji yanayovuja chini ya tuta. Yakiwa maangavu, yakague kila siku. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani: chukua watoto, pandeni mlimani siku hiyo hiyo. Maji mtayafuata kwa ndoo.