Figo huchapwa au huchapishwa?

SWALI: Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Nakuru ameandika katika insha: “Wanasayansi wamechapisha figo kwa seli hai.” Nikamkata alama, kwani kwangu ni “wamechapa”. Akanijibu kwamba kuchapa ni kupiga mtu kiboko. Nani yuko sawa?

JIBU: Mwalimu, hapo amekushika, ingawa sababu yake si nzuri. Kuchapa kuna maana zote mbili, ya kiboko na ya wino. Ndiyo maana tuna Mpiga Chapa wa Serikali na hatumwogopi. Lakini tazama kiambishi -ish-. Mtambo ndio unaochapa. Anayeufanya uchape anachapisha. Katika kazi hii mashine humimina ute mzito wenye seli hai, tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anavyopandisha ukingo wa chungu. Mashine inachapa, wanasayansi wanachapisha. Siku hizi watu huyachanganya maneno haya mawili, nami sigombani nao.

Ningemkata alama kwenye -me-. Kiambishi hicho husema jambo limekwisha na matokeo yake yako mezani. Yako wapi? Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Tel Aviv kilionyesha moyo uliochapwa kwa seli za binadamu, mdogo kama wa sungura. Seli zake zilijikunja, ila moyo wenyewe haukuweza kusukuma damu. Mwaka 2022 mwanamke mmoja Marekani alipandikizwa sikio la nje lililochapwa kwa seli zake mwenyewe. Sikio hilo ni gegedu, ile tishu ngumu inayopindika, na gegedu halina mishipa ya damu. Figo moja ina vichujio karibu milioni, kila kimoja na vijishipa vyake, na seli isiyofikiwa na damu hufa. Figo ya kumtosha mgonjwa bado.

(Kama aliandika “kiungo” mahali pengine, usimsumbue. Mimi hupendelea “ogani” kwenye maandishi ya sayansi, maana hapa Kisumu ukitaja viungo sokoni Kibuye utapimiwa bizari na iliki.)

Aandike: “Wanasayansi hawajachapisha figo ya kupandikizwa mtu.” Si “hawakuchapisha”, inayofunga mlango. Hiyo -ja- hukanusha huku ikingoja: ndivyo tusemavyo mgeni hajafika, na chai iko jikoni.

Alama ya -ish- mrudishie. Ya -me- kaa nayo.